Deni la Mwandishi wa Maisha Yake

Hapana mali aliyo nayo mtu iliyo yake zaidi ya maisha yake. Shamba lake laweza kuwa la urithi, nyumba yake ya kupanga, na elimu yake ya mwalimu wake. Lakini siku alizokwisha kuziishi hapana mwingine aliyeziishi kwa niaba yake. Kwa sababu hii, mtu akusudiaye kuandika habari za maisha yake huona ajabu akiambiwa kwamba yampasa kwanza kusoma habari za maisha ya watu wengine. Huuliza atajifunza nini kwao juu ya jambo ambalo yeye peke yake ndiye alijuaye.

Swali hili kwa sura yake ni la ufundi, lakini ndani yake mna swali la haki. Wako wasemao kwamba asomaye sana tawasifu za wengine huishia kuandika maisha yasiyo yake. Utoto wake atauona kwa macho ya mtoto wa kitabuni, msiba wake ataulilia kwa machozi ya kuazima, na toba yake itafuata hatua za toba aliyoisoma. Wako pia wasemao kinyume chake: kwamba asiyesoma hawezi kusimulia, maana matukio ya maisha ni kama udongo, nao udongo hauwi chungu mpaka mfinyanzi awe amekwisha kuona vyungu. Makundi haya mawili hubishana zaidi juu ya uzuri wa maandishi. Lakini jambo lililo zito kuliko uzuri ni ukweli. Tawasifu ni ushahidi, na shahidi aliyefundishwa maneno ya kusema, hata kama maneno yenyewe ni mazuri, hushukiwa mbele ya kadhi. Je, mwandishi aliyefundishwa na vitabu ni shahidi wa namna hiyo?

Yafaa kwanza kutazama kama yuko aliyepata kuandika maisha yake bila ya mwalimu. Jean-Jacques Rousseau alidai kuwa ndiye. Katika mwanzo wa kitabu chake cha Maungamo, ambacho sehemu yake ya kwanza ilichapishwa mwaka 1782, baada ya kufa kwake, alitangaza kwamba kazi hiyo haikuwa na mfano uliotangulia wala haitapata mwigaji. Lakini hata jina la kitabu lilikuwa limekwisha kutumiwa na Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, zaidi ya miaka 1,300 kabla yake. Wala ufanani hauishi katika jina. Augustino alieleza jinsi alivyoiba matunda ya mti wa jirani pamoja na vijana wenzake alipokuwa na umri wa miaka 16 hivi. Rousseau naye alieleza jinsi alivyoiba utepe alipokuwa na umri kama huo. Wote wawili waliufanya wizi wa kitu kidogo kuwa mlango wa kuingilia katika uchunguzi wa nafsi. Si lazima kudhani kwamba Rousseau alizua wizi wake ili ufanane na wa Augustino. Yatosha kuona kwamba mlango ulikuwa umekwisha kufunguliwa, na kwamba aliyepita baadaye alisahau kumtaja aliyeufungua.

Augustino mwenyewe hakuanza na ukurasa mtupu. Katika sehemu ya nane ya Maungamo yake anaeleza jinsi alivyosimuliwa habari za Victorinus, mwanachuoni wa Roma aliyeukubali Ukristo hadharani katika uzee wake. Kisha akasimuliwa habari za watumishi wawili wa serikali ambao, kwa kusoma maisha ya Antonio, mkaa-pweke wa Misri, waliacha vyeo vyao siku hiyo hiyo. Baada ya kuyasikia hayo ndipo naye akageuka. Basi kitabu kile kina masimulizi ndani ya masimulizi: mtu aligeuzwa na habari za watu waliogeuzwa na kitabu cha maisha ya mtu. Akiondolewa kila mmoja katika mnyororo huo, yule wa mwisho hana la kusimulia. Wazo kwamba maisha yaweza kuandikwa bila ya kuazima chochote ni kiburi, na mwenye kiburi hicho huwa ameazima bila ya kukiri.

Ikiwa kuazima hakuna budi, swali la haki halipaswi kuwa kama mwandishi ameazima au hakuazima, bali ameazima nini. Hapo yapaswa kutenga mambo manne ambayo aghalabu huchanganywa: herufi, umbo, matukio, na hukumu. Kuyaazima yote si sawa, na dhambi ya kuazima moja si dhambi ya kuazima jingine.

Herufi ni ufundi wa kuandika. Mfano wake ulio bora umo katika kumbukumbu za Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844, na ambaye baadaye aliitwa Emily Ruete. Katika kitabu chake kilichochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, anaeleza kwamba wasichana wa nyumba ya kifalme walifundishwa kusoma lakini hawakufundishwa kuandika. Yeye alijifundisha kwa siri. Alichukua Kurani na mfupa wa bega la ngamia, ambao ulitumika mahali pa ubao, akawa anaiga herufi moja moja mpaka mkono wake ukazoea. Benjamin Franklin wa Marekani, aliyeanza kuandika habari za maisha yake mwaka 1771, anasimulia jambo la namna moja katika ujana wake. Alisoma makala za gazeti la Spectator la London, akaandika vidokezo vya kila sentensi, akaviweka kando kwa siku kadhaa, kisha akajaribu kuiandika makala upya kwa maneno yake; mwishowe akalinganisha na ile ya asili ili aone makosa yake.

Hapana awezaye kuwalaumu wawili hawa. Aigaye herufi haigi maneno, na aigaye mpango wa sentensi haibi mawazo. Lakini maisha ya Salme yaonyesha jambo la pili ambalo waalimu wa uandishi hulisahau. Mwaka 1859, ndugu yake Barghash alipofanya njama ya kumpindua Seyyid Majid, Sultani wa wakati huo na ndugu yao wote wawili, wenye njama walihitaji mtu wa kuandika barua. Salme, aliyekuwa msichana wa miaka kama 15, ndiye aliyejua kuandika. Herufi alizoziiga kutoka katika Msahafu zikaandika barua za vita dhidi ya ndugu aliyempenda. Ufundi ulimpa uwezo wa kuandika. Haukumchagulia la kuandika. Ndivyo ilivyo kwa msomaji wa tawasifu: vitabu vitampa mkono mwepesi, lakini mkono mwepesi huandika uongo kwa wepesi ule ule unaoandikia kweli.

Jambo la pili ni umbo, yaani njia ambayo maisha hupangwa ili yaweze kusimuliwa. Hapa mwanafunzi anahitaji uangalifu, kwa maana umbo si chombo kitupu. Huja na maagizo yake. Kitabu cha Hamed bin Muhammed el Murjebi, aitwaye Tippu Tip, ambacho mwenyewe alikiandika kwa Kiswahili katika herufi za Kiarabu kwa kuombwa na Heinrich Brode, na ambacho kilichapishwa Berlin katika miaka ya 1902 na 1903, hakianzi na kuzaliwa wala na mapenzi ya mama. Chaanza na safari, mwenye habari akiwa na umri wa miaka 12. Tangu hapo maisha ni njia, na njia ni biashara: miji, majumbe, pembe, vita, deni, na marejeo ya pwani. Atakayejifunza kwake atajua kusimulia alikokwenda na alichopata. Hatajifunza kuuliza moyo wake ulikuwaje usiku.

Mwana Kupona binti Mshamu, aliyetunga utendi wake mnamo mwaka 1858 akiwa mgonjwa, alichukua umbo jingine. Alimwandikia binti yake wasia, na habari za maisha yake mwenyewe, ndoa yake, na maradhi yake, zikaingia humo kama sababu ya kusikilizwa. Katika umbo la wasia maisha hayasimuliwi ili msimulizi ajulikane, bali ili mwana afaidike. Shaaban Robert, alipochapisha Maisha Yangu mwaka 1949, alisimama katika njia panda ya maumbo haya. Kitabu chake ni cha nathari na jina lake ni la mtu mmoja asemaye habari zake. Lakini ndani yake aliweka Utenzi wa Hati kwa binti yake na Utenzi wa Adili kwa mwanawe wa kiume. Alijifunza kwa waliotangulia pwani kwamba mtu anaposema juu ya nafsi yake, adabu yataka aseme pia kwa ajili ya nani.

Mtu aliyesoma Rousseau peke yake angedhani kwamba tawasifu isiyofichua aibu ya mwandishi ni pungufu. Aliyesoma Tippu Tip peke yake angedhani kwamba tawasifu isiyo na safari ni porojo. Aliyelelewa na wasia angedhani kwamba kusema habari zako bila ya kumfaa mtoto wako ni majivuno. Kila mmoja angekosea kwa kudhani kwamba umbo moja ndilo asili ya maisha. Mohandas Gandhi alipokuwa anaanza kuandika habari zake, zilizotoka kidogo kidogo katika gazeti la Navajivan kuanzia mwaka 1925, rafiki yake mmoja alimwonya kwamba desturi hiyo ni ya watu wa Magharibi. Rafiki huyo alisahau, mathalani, Imamu Ghazali, aliyekufa mwaka 1111, ambaye aliacha kitabu kinachoeleza jinsi shaka ilivyomshika, jinsi ulimi wake ulivyofungwa asiweze kufundisha, na jinsi alivyoiacha Baghdad na heshima zake mwaka 1095. Dawa ya kutawaliwa na umbo moja si kuacha kusoma. Ni kusoma maumbo mengi mpaka mwandishi aone kwamba anaweza kuchagua. Mtu mwenye nguo moja huivaa harusini na matangani. Mwenye nguo kadhaa ndiye awezaye kuulizwa kwa nini amevaa hii.

Jambo la tatu ni matukio. Hapa hukumu ni nyepesi, kwa kuwa aazimaye matukio ya mwingine na kuyaita yake ni mwongo. Lakini yuko msimulizi aliyefanya hivyo na kisha akalieleza mwenyewe, wala hakuona haya. Tippu Tip anasimulia kwamba katika bara la Kongo alisikia kutoka kwa mateka habari za wanawake wawili wa ukoo wa jumbe wa Utetera, waliotekwa vitani zamani. Alipofika kwa Kasongo Rushie, jumbe wa nchi ile, akadai kwamba damu ya mmoja wa wanawake wale imo ndani yake. Mzee yule akamkubali kuwa jamaa yake aliyepotea, akamwachia ujumbe na pembe za nchi. Hii ni tawasifu ya uongo iliyotungwa kwa kusikiliza tawasifu za kweli. Mateka walisimulia huzuni yao. Msikilizaji akaichukua huzuni hiyo na kuifanya ufunguo wa kufungulia ghala la mtu mwingine.

Kisa hiki chafaa kukumbukwa na kila mwanafunzi wa uandishi, maana wizi wa mdogo wake hutokea kila siku. Mwandishi ambaye maisha yake yalikuwa ya wastani husoma mateso ya wengine, akatamani uzito wake. Njaa ya wiki moja huifanya njaa ya utoto mzima. Baba aliyekuwa mkimya humfanya baba mkatili, kwa sababu baba wa vitabuni ni wakatili na watoto wao huhurumiwa. Hapotezi pembe za mtu, lakini hupoteza jina la baba yake. Na walioteswa kweli huwatoza kodi, kwa kuwa kila ushahidi wa uongo hufanya wa kweli ushukiwe.

Jambo la nne, lililo la hatari kuliko yote kwa kuwa halionekani, ni hukumu. Mtu aweza kusimulia matukio yake mwenyewe, kwa umbo alilolichagua, na bado akayapima kwa mizani ya mwingine. James Mbotela, katika Uhuru wa Watumwa kilichochapishwa mwaka 1934, aliandika habari za watu waliotekwa barani, wakaokolewa na Waingereza, na baadaye wakakaa Freretown karibu na Mombasa. Baba yake alikuwa mmoja wao. Ni kitabu chenye thamani, maana kilihifadhi kumbukumbu ya watu ambao wengi wao hawakuacha maandishi. Lakini sifa kwa Waingereza zimejaa humo kiasi cha kumfanya msomaji wa leo ajiulize ni wapi mwana wa mtumwa anasema, na ni wapi shule iliyomlea inasema kwa kinywa chake. Si haki kumwita mwongo. Shukrani ya mtu aliyeokolewa ni kweli. Lakini shukrani na hukumu ni vitu viwili, na aliyefundishwa kusoma na mtu mmoja huona taabu kumhukumu mtu yule kwa herufi alizopewa naye.

Mpaka hapa kusoma maisha ya wengine kumeonekana kama mashaka yenye kuhitaji tahadhari. Liko jambo, hata hivyo, ambalo haliwezi kufunzwa ila kwa kusoma, na jambo hilo ndilo linalojibu swali la mwanzo. Msomaji wa tawasifu hufika mahali akaanza kuwatazama watu wasiosema.

Arudi kwa Rousseau na utepe wake. Utepe ulipopatikana kwake, aliulizwa ameutoa wapi. Akasema amepewa na Marion, msichana aliyefanya kazi jikoni katika nyumba ile ile ya Turin. Marion alikana, lakini wakubwa wa nyumba, wakishindwa kuamua, waliwafukuza wote wawili. Rousseau anasema kwamba majuto hayo aliyachukua kwa miaka mingi bila ya kumwambia mtu, na kwamba tamaa ya kuutua mzigo huo ilikuwa moja ya sababu za kuandika Maungamo. Msomaji wa mara ya kwanza huvutwa na ushujaa wa kukiri. Msomaji wa mara ya pili huuliza: Marion alikwenda wapi? Msichana aliyefukuzwa kwa tuhuma ya wizi alipata kazi wapi tena? Rousseau mwenyewe hakujua. Mzigo ulimtoka yeye. Haijulikani kama ulimtoka Marion. Maungamo yaliandikwa na kuchapishwa na kusifiwa, na katika yote hayo aliyedhulumiwa hakupata hata neno moja la kusema, isipokuwa yale machache aliyowekewa kinywani na aliyemdhulumu.

Msomaji akishajifunza kumtafuta Marion katika kitabu kimoja, humwona katika vyote. Katika safari za Tippu Tip pembe huhesabiwa kwa uzani, lakini wapagazi waliozibeba hawasemi. Katika kumbukumbu za Salme imo sura inayotetea utumwa wa nchi za Mashariki na kuwalaumu Wazungu kwa kutouelewa. Lakini kabla ya sura hiyo, katika kitabu hicho hicho, Salme alikwisha kueleza jinsi mama yake mwenyewe, aliyetoka nchi ya Wacherkesi, alivyotekwa akiwa mtoto baada ya wazazi wake kuuawa. Binti anautetea utumwa. Habari za mama zashuhudia dhidi ya utetezi huo. Salme hakuzificha, nayo ni sifa yake kubwa, lakini hakuziweka sura hizo mbili uso kwa uso. Kazi hiyo imeachwa kwa msomaji.

Wakati mwingine msomaji hubahatika kupata kitabu cha upande wa pili. Mwaka 1936 Margery Perham alihariri na kuchapisha kitabu chenye habari za maisha ya Waafrika kumi. Mmoja wao ni Martin Kayamba, karani na mwandishi wa Kibondei, aliyeandika habari zake mwenyewe. Mwingine ni Rashid bin Hassani wa kabila la Wabisa, aliyetekwa utotoni akafikishwa Unguja akiwa mtumwa. Habari zake alizisimulia kwa kinywa katika uzee, zikaandikwa kwa mkono wa mwingine. Asomaye Tippu Tip na kisha akasoma Rashid bin Hassani huona njia za misafara mara mbili: mara moja kwa macho ya mwenye msafara, na mara ya pili kwa macho ya mtoto aliyepitishwa katika njia kama hizo bila ya kuulizwa. Hapana mwalimu awezaye kufundisha kwa maelezo yale ambayo vitabu hivi viwili hufundisha vikiwekwa pamoja. Si kwamba kimoja ni kweli na cha pili ni uongo. Ni kwamba kila kimoja, kikiwa peke yake, hudhani kuwa njia ile ilikuwa yake.

Hapa ndipo lilipo deni. Mwandishi wa maisha yake hufikiri kwamba anadaiwa na wale aliowasoma, kwa kuwa walimpa herufi na umbo. Deni hilo ni dogo. Likiwa la kukiri tu, hulipwa kwa kukiri. Deni kubwa ni kwa wale watakaoingia katika kitabu chake bila ya kuombwa ruhusa: mama, ndugu, mke au mume wa kwanza, mtumishi, mwanafunzi mwenzake aliyepigwa badala yake. Kama aliwahi kuketi kama msomaji akamsikitikia Marion, basi amepoteza udhuru. Hawezi tena kusema hakujua kwamba watu wa kitabuni walikuwa watu.

Zipo hoja mbili za kupinga. Ya kwanza yasema kwamba mwandishi akiwafikiria wote, kalamu yake itakufa ganzi. Na kwamba hawezi kujua yaliyokuwa moyoni mwa wengine, basi akijaribu kuwasemea atazua. Hoja hii ni ya haki kwa nusu. Kweli, Rousseau hangeweza kuandika maungamo ya Marion, na kama angejaribu angemdhulumu mara ya pili. Lakini kumsemea mtu ni jambo moja, na kumwachia nafasi ni jambo jingine. Mwandishi aweza kuandika alichokiona, akaeleza alisimama wapi alipokiona, na akaonyesha mahali ambapo jicho lake halikufika. Shahidi mwema hasemi yaliyotendeka nyuma ya ukuta. Husema kwamba ukuta ulikuwapo.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, nayo yatoka katika adabu za watu wa pwani wenyewe. Yasema kwamba kusitiri ni wajibu. Aibu ya jamaa hufunikwa. Siri ya nyumba haitolewi sokoni. Na kama tawasifu yadai ukweli wote, basi tawasifu ni kinyume cha utu. Vijana wengi waliojaribu kuandika habari za utoto wao wamesimama hapo, kati ya kitabu kinachowaita waseme na mzazi ambaye bado yu hai. Si kikwazo cha kudharauliwa.

Mfano wa kusaidia waweza kupatikana kwa Frederick Douglass. Alitoroka utumwani katika jimbo la Maryland mwaka 1838, akachapisha habari za maisha yake mwaka 1845. Katika kitabu hicho alitaja mabwana zake kwa majina na matendo yao bila ya kuficha, ingawa kufanya hivyo kulimwonyesha aliko. Lakini njia aliyoitumia kutoroka alikataa kuieleza, kwa sababu wengine wangeweza kuadhibiwa au kufungiwa njia. Aliandika tena habari zake mwaka 1855, na bado akanyamaza juu ya hilo. Mwaka 1881, utumwa ulipokuwa umekwisha kuondolewa tangu mwaka 1865, ndipo alipoeleza katika kitabu chake cha tatu kwamba alisafiri kwa hati ya baharia aliyoiazima. Huyu alijua kutenga sitara mbili. Iko sitara inayomlinda mnyonge, nayo ni amana. Aliitunza zaidi ya miaka 40. Na iko sitara inayomlinda dhalimu, nayo si sitara bali ni ushirika katika dhuluma; hiyo aliipasua siku ya kwanza.

Kipimo hiki ndicho kimfaacho mwandishi anayesita. Aibu yake mwenyewe ni mali yake, aitoe au aihifadhi. Aibu ya mwingine ambayo haikumdhuru mtu ni amana, na haitoki bila ya idhini ya mwenyewe. Dhuluma ya mwenye nguvu juu ya asiye na nguvu si siri ya mwenye nguvu. Ni mali ya aliyedhulumiwa, na yeye ndiye apasaye kuulizwa kwanza, akiwapo. Ugumu hauondoki kwa kanuni hizi, kwa kuwa mtu mmoja aweza kuwa mnyonge katika chumba kimoja na mwenye nguvu katika chumba cha pili. Baba aliyenyanyaswa kazini aweza kunyanyasa nyumbani. Lakini aliyesoma maisha ya wengi amekwisha kuvizoea vyumba hivyo, na hatababaika kwa kukuta watu wawili katika mtu mmoja.

Basi jibu la swali la mwanzo ni hili. Mwandishi aliyefundishwa na vitabu huwa shahidi wa kushukiwa ikiwa vitabu vimemfundisha nini cha kusema. Huwa shahidi bora ikiwa vimemfundisha nani hajasema. Kwa hiyo anayetaka kujifunza kuandika maisha yake asitafute kitabu kimoja kinachofanana na maisha yake, maana hicho kitamwigiza. Atafute viwili vinavyopingana, avisome pamoja, na katika kila kurasa chache asimame aulize: nani amebeba mzigo huu, na yeye angeanza wapi kusimulia? Akizoea kuwauliza wengine hivyo, siku moja atajiuliza mwenyewe, na siku hiyo ndiyo afaayo kushika kalamu.

Wala asidhani kwamba kazi yake huishia katika nafsi yake. Salme aliandika kwa ajili ya watoto wake, na leo asomwa na watu asiowazaa. Tippu Tip aliandika kwa kuombwa na mgeni, na maneno yake yamekuwa somo la Kiswahili vyuoni. Kila aandikaye maisha yake leo huwa mwalimu wa mtu ambaye hajamjua, naye mwanafunzi huyo atajifunza kwake yote mawili: jinsi alivyosema, na watu aliowapita bila ya kuwataja.